Saladi ya Maji Nyumbani kwa Chapuchapu

Jina alilopewa na wazazi wake halina kazi hapa, maana hata mkewe alikuwa halitumii. Mtaa mzima ulimwita Chapuchapu, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo mpaka akaliandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa sanduku lake la vifaa. Alikuwa fundi bomba. Ukimpigia simu kwamba choo kimeziba, hujamaliza hata kumweleza kimezibaje, unamsikia anapiga hodi. Aliwahi kuacha chakula mezani, akaacha wageni sebuleni, na siku moja alitoka na nusu ya ndevu zimenyolewa na nusu bado, kisa mama mmoja wa ghorofani maji yamefurika jikoni kwake. Watu walimsifu, na sifa zilimnenepesha kuliko chakula.

Sasa njoo nyumbani kwake. Mlango wa bafu ulifungwa kwa kamba. Tangi la choo ulilazimika kulitia mkono ndani ndipo likubali kujaa. Bomba la uani lilivuja tone, tone, tone, mchana kutwa na usiku kucha. Na sinki la jikoni halikuwa na paipu ya kutolea maji machafu. Ndiyo, umesikia vizuri. Nyumba ya fundi bomba, sinki halina paipu.

Ilikuwa hivi. Zamani, binti yao akiwa ndiyo kwanza anaanza shule, mteja alipiga simu analia, na duka la vifaa lilikuwa limefungwa. Chapuchapu akakumbuka kwamba kile kipande kilichopinda anachokihitaji, kipimo kile kile, kiko chini ya sinki la jikoni kwake. Akaja mbio, akapiga magoti, akakifungua mbele ya mkewe aliyekuwa anaosha vyombo.

"Nakiazima tu, mama watoto. Kesho nakuletea kipya."

Mkewe akaweka ndoo chini ya sinki kuingojea hiyo kesho. Binti akamaliza shule, ndoo ipo. Binti akaolewa, ndoo ipo. Zilibadilika ndoo, maana zilikuwa zinatoboka, lakini kazi haikubadilika: ikijaa, mama wa watu anainama, anaibeba, anavuka ua, anaimwaga mferejini, anarudi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mtu wa kunyanyua masufuria kutwa, halafu akifika nyumbani ndoo inamngoja. Mwisho kiuno kilimkatalia, akaacha kazi ya shule. Ndoo hakuiacha.

Usidhani hakusema. Mwanzoni alimwomba kwa upole, akimwekea chai. Baadaye alimwomba kwa utani mbele za watu: "Jamani, nani ana namba ya fundi mzuri?" Watu wanacheka, Chapuchapu anacheka kuliko wote, anajibu, "Mke wangu, kesho." Kisha akaomba kwa hasira. Kisha akanyamaza. Na mume, badala ya kushtuka, roho ikamtulia. Alidhani jambo limekwisha.

Ni katika kunyamaza huko ndipo mama akaanza mambo ya saladi ya maji.

Mboga hii wengi hawaijui, na wanaoijua hawaiotesi, kwa sababu ina maringo. Majani yake ni madogo, ya mviringo, kijani kilichokoza, na ukiitafuna mbichi inakereketa ulimi kama haradali. Shina lina uwazi ndani, na kila penye kifundo hutoa vizizi vyeupe vyembamba kama uzi wa kushonea. Udongo mwingi haina haja nao. Inataka maji, tena si maji ilimradi maji: yawe safi, yawe ya baridi, na yawe yanatembea. Yakisimama, inanuna. Ikinuna, inaoza.

Mama alinunua fungu moja sokoni, wakala majani, mashina akayatia kwenye gilasi dirishani na kubadilisha maji kila asubuhi. Baada ya siku chache vizizi vikachungulia. Akatafuta pa kuyahamishia. Uani palikuwa na hodhi la kuogea, lile refu la chuma, ambalo Chapuchapu alilitoa kwa mteja akalileta nyumbani "kwa muda tu," likawa linakaliwa na kuku wa jirani. Mama na rafiki yake, mshonaji wa nyumba ya pili, wakalisukuma wenyewe hadi chini ya lile bomba linalovuja. Wakaziba tundu la chini, wakaliacha lile la juu. Akaosha kokoto, akatandaza, akatia samadi iliyokwisha kukauka, akatandaza kokoto tena, akapanda.

Bomba likafanya yaliyobaki. Tone liliingia upande wa kichwani, maji yakapita taratibu kati ya mashina, yakatokea kwenye tundu la juu upande wa miguuni, yakaenda zake mferejini. Mto mdogo ndani ya hodhi, usiku na mchana, bila mtu kushika ndoo. Jua likichachamaa, mama alifunika kwa gunia. Ilipotaka kutoa maua aliwahi kuikata, kwa kuwa ikishatoa maua majani yanakuwa machungu. Alikata ncha kwa mkasi, akaacha vifundo, na baada ya wiki imejaa tena. Majirani wakaanza kuja na mabakuli. Wakambatiza Bibi Saladi.

Hapo mume akapata la kusema. Kila mgeni aliyefika alipelekwa uani. "Mnaona? Ningekuwa nimelitengeneza lile bomba, mke wangu angepata wapi bustani? Uvivu wangu nao una faida!"

Mama alicheka pamoja nao. Alicheka kweli, mpaka akajipangusa macho. Hilo ndilo linalomuuma Chapuchapu leo kuliko yote, kwamba yeye alimwona akicheka akahesabu kuwa ni furaha.

Basi binti yao akajifungua mtoto wa kwanza, katika mji wa mbali kidogo, safari ya nusu siku kwa basi. Mama akafunga mzigo kwenda kumsaidia. Siku ya kuondoka alimpa mumewe maagizo mafupi.

"Saladi yangu usiiguse. Maji yapo. Jua likiwa kali funika gunia, basi."

Hakumwambia asitengeneze bomba. Angemwambia vipi? Ingekuwa sawa na kumkanya paka asifue nguo.

Chapuchapu akabaki peke yake, na mara ya kwanza maishani mwake akaosha vyombo vyake mwenyewe na kubeba ndoo mwenyewe. Ndoo ya kwanza ilimmwagikia suruali. Ya pili aliisahau, ikafurika, jikoni kukanuka. Alisonya, akafuta, akatoka kwenda kwa wateja. Hakuwaza zaidi ya hapo. Wiki zikapita, na mke hasemi habari za kurudi, kila simu ni mjukuu tu: kacheka, kakohoa, kalala. Hata siku moja aliyepiga akawa binti.

"Baba, nataka nikuambie mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Nimemwomba mama akae huku kwangu. Moja kwa moja."

Chapuchapu alikuwa amelala kifudifudi chini ya sinki la mtu. Akatoka, akakaa sakafuni.

"Mwenyewe kasemaje?"

"Anasema atakuja huko kwanza, aangalie, ndiyo aamue."

"Aangalie nini?"

"Sijui, baba. Muulize."

Hakumuuliza. Mtu mzima yule, mwenye mdomo wa kuongea na mtaa mzima, aliogopa kumuuliza mkewe swali moja. Akajijibu mwenyewe: anakuja kuangalia nyumba. Na kama ni nyumba, hiyo ndiyo kazi yake, nani amshinde?

Siku iliyofuata simu zililia, hakwenda popote. Watu walishangaa. Alipiga magoti chini ya sinki lake mwenyewe, akafunga kipande kipya, akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za paipu, akakaza, akafungua maji, akapitisha kidole kwenye maungio. Pakavu. Alikuwa hajatoka hata jasho. Akaenda chooni, akabadilisha boya la tangi. Akatupa ile kamba ya mlango wa bafu, akatia komeo. Akaenda uani kwenye bomba. Alipolifungua akatoa raba iliyolika, kitu kidogo kama kifungo cha shati, akaiweka kiganjani akaitazama.

"Kumbe ni wewe," akaiambia, akacheka.

Akaweka mpya. Bomba likanyamaza. Usiku ule alilala vizuri, akijiona anamshika mkono mkewe na kumtembeza chumba hadi chumba.

Hodhi alilikumbuka. Si kwamba alilitelekeza. Alilifunika gunia kama alivyoagizwa, na kila jioni aliliongezea ndoo ya maji, akiona amefanya hisani kubwa. Lakini yale yalikuwa maji ya kusimama, na jua la siku zile lilikuwa halina utani. Majani yakaanza kuwa manjano pembeni. Akaongeza maji. Ukatanda ute wa kijani juu. Akaongeza maji. Vikaja viluwiluwi vya mbu, vinaruka ruka. Kisha ikaja harufu, na harufu ndiyo iliyomleta mshonaji ukutani.

"Shemeji, umeua nini huko?"

"Sijaua kitu. Saladi inaumwa."

Mshonaji akapanda tofali, akachungulia. Akatazama hodhi, akatazama bomba linalong'aa, akamtazama shemeji yake.

"Umelitengeneza?"

"Nimelitengeneza!"

"Shemeji, hii kitu inakunywa maji yanayotembea. Lile tone ndilo lilikuwa linaipa uhai. Wewe umeikaba koo."

Chapuchapu, aliyeyapitisha maji katika nyumba za watu maisha yake yote, hakuwahi kujiuliza maji ya uani kwake yanakwenda wapi. Baadaye akajitupa kazini kama mwendawazimu: akakunja mikono ya shati, akatia mikono kwenye uozo ule hadi viwiko, akachambua shina moja moja. Mengi yalimvunjikia vidoleni. Machache yalikuwa bado magumu, na vizizi vyake vyeupe. Akayaosha, akayapanga kwenye gilasi dirishani, kila gilasi iliyokuwamo nyumbani, mpaka mwenyewe akawa anakunywa maji kwa bakuli. Akayabadilishia maji asubuhi na jioni. Mteja alipopiga simu akimwambia aje chapuchapu, alijibu, "Nina wagonjwa nyumbani," na hakuwa anatania. Mashina kadhaa yakachipua. Alifurahi kupita kiasi. Aliamini ameokoa jahazi zima.

Mkewe akafika siku ya mapumziko, mchana. Alikuwa amenawiri, amepumzika, ameshonewa gauni jipya. Chapuchapu akampokea mkoba, akatamani kumwambia amependeza, lakini haraka ya kumwonyesha ikamtangulia. Hakupata nafasi ya kumwonyesha. Mama aliingia moja kwa moja jikoni, akachukua kikombe kikiwa na mabaki ya chai, akakisuuza, na bila kufikiri akainama kuitazama ndoo imefika wapi.

Ndoo haikuwapo. Maji yalishuka kwenye paipu, yakaenda.

Alibaki ameinama vile vile, mkono umeshika kiuno. Chapuchapu alikuwa nyuma yake, anatabasamu mpaka masikio yanamsogea.

"Umetengeneza," mama akasema.

"Kila kitu! Sinki, choo, bafu, hata bomba la uani. Nenda kaangalie."

"Hili sinki lilikuchukua muda gani?"

Na yeye, kwa majivuno ya ufundi, akajibu jibu ambalo tangu siku ile angelipa chochote alimeze:

"Hilo? Hata saa moja haikufika!"

Mama akavuta kigoda akakaa. Hakulia, hakupiga kelele. Alitazama chini ya sinki, akanyoosha mkono akakigusa kile kipande kipya, akaurudisha mkono mapajani.

Chapuchapu akaona uso umemshuka, akadhani amekwisha kusikia habari za hodhi. Akaanza kujieleza: saladi imekufa lakini hakukusudia, hakujua, mshonaji ndiye kamweleza, hata hivyo mashina yapo, tazama dirishani, hili lina majani manne, lile lina matano, ameyapa maji kwa mkono wake asubuhi na jioni, na bomba kama anataka atalilegeza livuje tena, dakika moja tu.

"Baba watoto," mama akamkatiza, "saladi ni majani. Nikitaka nitaotesha nyingine kwenye beseni. Sikasiriki kwa saladi."

"Sasa nini, mke wangu? Si nimeshatengeneza?"

"Umetengeneza. Ndiyo hiyo. Watu walikuwa wananiuliza, mumeo fundi, nyumba yenu mbona hivi? Nikawa nakutetea. Nasema mwenzenu anatoka kwa watu amechoka, akifika nyumbani hana hata nguvu ya kushika spana. Nilikuwa nakuonea huruma, unajua? Naibeba ndoo, najiambia, naye ana yake mazito. Kumbe ni saa moja. Kumbe haikufika."

Chapuchapu akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. Mikono ya mama ilikuwa laini, ikamshangaza, akakumbuka kwamba huko alikokuwa habebi ndoo.

Mama alikaa siku chache. Hawakugombana. Alipika, wakala pamoja, akaenda kuzungumza na mshonaji, akafua mapazia. Mashina ya dirishani aliyapanda kwenye beseni, akampa mshonaji. Chapuchapu alimfuata nyuma chumba hadi chumba kama mtoto, akitafuta kitu kingine kilichoharibika, na mkosi wake ni kwamba nyumba sasa ilikuwa nzima. Siku ya nne mama akatoa begi kubwa uvunguni, akaanza kukunja nguo za baridi. Mtu anayekwenda kutembea habebi nguo za baridi wakati wa joto. Chapuchapu alielewa.

Alimbebea begi hadi stendi. Njiani watu walimsalimia, "Chapuchapu! Vipi, fundi?" naye akawaitikia kwa kichwa. Wakakaa kwenye benchi kungoja basi. Simu ikalia mfukoni, akaikata bila kutazama ni nani. Ikalia tena, akaizima kabisa. Mama akaona, akatikisa kichwa polepole.

"Nisamehe," akasema Chapuchapu. Alilisema kwa sauti ndogo, na lilimtoka zima, bila mzaha wala kesho ndani yake.

"Nimeshakusamehe, mume wangu. Nilikuwa nakusamehe kila siku. Kila nikiinama kuibeba ile ndoo, nakusamehe, naendelea. Ndiyo ilikuwa kazi yangu pale ndani." Basi likaingia, watu wakaanza kusimama. "Sasa ndoo hakuna, na hasira imebaki. Sijui niifanyeje. Nikikaa pale nitakuchukia, na sitaki kukuchukia uzeeni."

"Nitakuja kukuona."

"Njoo. Mjukuu wako yupo."

Akapanda. Alikaa upande wa pili wa basi, dirisha la kule, si kwa makusudi, ila viti vya upande huu vilikuwa vimejaa. Chapuchapu akazunguka nyuma ya basi ili apate kumpungia mkono, na alipofika upande wa pili basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Alisimama na mkono umeinuka nusu. Kijana wa kupakia mizigo akamuuliza kama anasafiri. Akasema hapana, alikuwa anamsindikiza mkewe, ila amechelewa kidogo.